Nyumba ya shamba kuwa nyumba ya wote: maswali ya wasomaji kuhusu ukarabati

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru bado zimesimama nyumba za walowezi waliolima kahawa: kuta nene za mawe, baraza ndefu, paa la bati zito, dohani moja au mbili. Mashamba mengi ya upande wa Kilimanjaro yalitaifishwa mwaka 1973. Nyumba zake zikawa ghala, ofisi au makazi ya meneja, kisha nyingi zikafungwa. Sasa vijiji na vyama vya msingi vya ushirika vinataka kuzifufua ziwe kumbi, maktaba na vituo vya vijana. Barua nyingi zinazotufikia zinalalamikia unyevu wa kuta, kwa hiyo tunaanza na huo, na jibu lake ni refu kuliko mengine.

Nyumba yetu ina kuta za mawe zenye unene wa sentimita 45. Sehemu ya chini ilikuwa na unyevu, tukapiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki. Miaka miwili haijaisha, lipu imevimba na kubanduka, unga mweupe unatoka, na unyevu umepanda hadi kimo cha dirisha. Fundi anasema tubandue, tupige upya kwa saruji nyingi zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Tumsikilize?
Katibu wa chama cha msingi, Kibosho

Ndugu katibu, mzuieni kwanza. Saruji zaidi italirudisha tatizo lile lile, safari hii likiwa juu zaidi.

Ukuta wa namna hiyo haukujengwa uzuie maji. Ulijengwa uyapokee kidogo kidogo na kuyaachia. Mawe yameunganishwa kwa udongo au chokaa, na chini hakuna karatasi ya kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Chokaa ina vitundu vidogo. Maji yakifika usoni hukaushwa na upepo. Mlipouvisha ukuta saruji na plastiki mliziba njia hiyo, nayo maji yakaendelea kupanda kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana unyevu uliokuwa magotini sasa uko dirishani. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapokauka, chumvi huganda, hukua ndani ya vitundu, na kusukuma mpaka lipu ibanduke, wakati mwingine pamoja na uso wa jiwe la volkano ambalo ni laini.

Kabla ya kugusa ukuta, tokeni nje mtazame ardhi. Miaka mingi ya kulima bustani, kumwaga kifusi na udongo kushuka kutoka mlimani huinua ardhi mpaka ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Chimbeni ukanda wa upana wa mita moja kuzunguka nyumba, ardhi ishuke angalau milimita 200 chini ya sakafu, na mteremko wa milimita 25 kwa kila mita uelekee mbali na ukuta. Msichimbe kwa pupa. Misingi ya zamani huweza kuwa na kina kifupi, hivyo fungueni kwanza shimo dogo la kupimia kila upande mjue msingi unaishia wapi, wala msishuke chini ya hapo. Kama kuna zege lililobandikwa ukutani kwa nje na linaelekeza maji nyumbani, liondolewe, mahali pake pawekwe ukanda wa kokoto wenye upana wa milimita 300. Kisha simameni nje siku ya mvua muone gata zinavuja wapi. Ungio moja linalodondosha maji mahali pamoja msimu mzima wa masika linatosha kulowesha pembe yote ya nyumba.

Lipu ya saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo nyepesi, kuanzia pale inapolia tupu ukiigonga, hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Mashine ya kuvunjia zege msiikaribishe, inalegeza mawe. Chumvi zipigwe kwa brashi kavu na kuzolewa. Kuziosha kwa maji ni kuzirudisha ukutani.

Halafu subirini. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa majengo ya kale ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani ukuta wenu ni kama miezi 18. Tunajua wafadhili na wanakijiji hawatakubali kusubiri hivyo. Kwa bahati nzuri si lazima: lipu ya chokaa inaweza kupigwa baada ya msimu mmoja wa kiangazi, kwa kuwa ukuta utaendelea kukauka kupitia humo humo. Kisichoweza kuharakishwa ni rangi ya plastiki, nayo hamuihitaji tena kabisa. Pakeni chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano.

Mchanganyiko wenyewe ni chokaa hidrati (chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji) sehemu 1, mchanga safi wenye chembe kubwa na ndogo sehemu 3, na nusu sehemu ya unga wa matofali ya kuchoma au wa jiwe la pumisi. Unga huo ndio unaoifanya chokaa ishike hata mahali penye unyevu. Kwa ukuta wa mita za mraba 40 na unene wa milimita 20, agizeni mchanga kama mita moja ya ujazo na mifuko 7 au 8 ya chokaa ya kilo 25. Hapa wengi hudanganyika dukani. Unga wa mawe ya chokaa wa kulishia kuku au kutia shambani nao huitwa chokaa, lakini haushiki kitu. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Chokaa hidrati hutoa ujiuji mweupe unaoteleza na kunata. Unga wa mawe huzama chini kama mchanga. Mfuko uliokaa wazi nao umekufa, kwa sababu chokaa hunyonya hewa ya kaboni na kugeuka jiwe kabla hujaitumia.

Lowekeni chokaa kwenye pipa kwa wiki mbili, maji yakiifunika. Saa 24 ndizo za chini kabisa. Siku ya kazi lowesheni ukuta mpaka usinyonye tena kwa pupa. Mkono wa kwanza urushwe kwa mwiko, milimita 5, ubaki na makwaruzo. Wa pili milimita 10, wa mwisho 5. Kati ya mkono na mkono ngojeni mpaka ukucha usiache alama, mara nyingi wiki moja au zaidi. Tundikeni magunia mabichi mbele ya lipu kwa siku saba, maana jua la Januari likiipiga moja kwa moja hukauka kabla haijashika na kubaki unga. Nyufa nyembamba zikijitokeza siku ya pili, zisugueni kwa ubao lipu ikiwa bado laini. Fundi avae miwani na glovu: chokaa mbichi jichoni inaunguza, na la kufanya ni kuosha kwa maji mengi mfululizo huku mkimpeleka hospitali.

Tumepewa nyumba yenye vyumba viwili vilivyopakana, kila kimoja mita 3.6 kwa 7.2, sakafu ya mbao. Tunataka kuvunja ukuta wa kati tupate ukumbi wa watu 80. Siku ya uzinduzi akina mama walicheza ngoma na sakafu ikanesa, vikombe vikaanguka mezani. Je, tuweke mbao mpya?
Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Usa River

Mama mwenyekiti, mbao za juu hazina kosa. Sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba. Ukumbi wa watu waliosimama hukadiriwa kilo 500. Watu 80 wakijipanga sawasawa hawafiki huko, ila watu hawajipangi: wanasongamana mbele kuona, na kwenye ngoma wanatua kwa mguu mmoja kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Inueni mbao chache katikati ya kila chumba, mjenge ukuta mfupi chini ya boriti, unaozikatiza katikati ya urefu wake, ili boriti ya mita 3.6 iwe na egemeo kila mita 1.8. Urefu ukikatwa nusu, nguvu inayoipinda boriti inashuka hadi robo. Mzigo wenu umepanda mara 3.3 na kupinda kumepungua mara 4, kwa hiyo mmevuka salama. Kunesa kwenyewe kunapungua zaidi ya hapo.

Ukuta huo uwe wa tofali za inchi 6 juu ya zege la upana wa milimita 300 na kina cha 150, na tofali ziachiane nafasi ili hewa ipite. Juu yake tandazeni nailoni nzito, kisha kabari za mbao ngumu zigongwe kwa mkono baada ya siku saba, zishike tu. Msiinue sakafu kwa jeki kuirudisha ilivyokuwa. Boriti iliyozoea kupinda kwa miaka 80 hupasuka, au huinua mlango wa chumba cha pili.

Mkiwa huko chini, chomeni kila ncha ya boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja, imeoza au imeliwa na mchwa. Kateni sehemu mbovu, mfunge boriti mpya ubavuni, ipite mita moja kwenye mbao nzima, kwa bolti nne za milimita 12. Tundu za hewa za nje, zile zenye wavu wa chuma, zifunguliwe zote. Kuna watu waliziziba kuzuia panya, na sakafu ikaoza kutokea hapo.

Kuhusu ukuta wa kati: msiubomoe wote. Acheni vipande vya milimita 600 kila mwisho na sehemu ya juu, muwe na uwazi mpana wenye linta, yaani boriti inayobeba ukuta ulio juu ya uwazi. Ukuta huo huenda unabeba kenchi, na hata kama haubebi, ndio unaozuia kuta ndefu za nje zisiyumbe. Ukanda huu hutetemeka. Julai 2007 matetemeko ya eneo la Gelai na Oldoinyo Lengai yalisikika mbali sana. Linta na vipande hivyo vipimwe na mhandisi aliyesajiliwa, na mirunda ya kushikilia paa isimame kabla jiwe la kwanza halijatoka.

Milango ya ukumbi iwe miwili, mbali na mwenzake, ifunguke kwa nje. Nondo za madirisha ni sawa, lakini kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani bila ufunguo.

Jengo ni la chama au ni la kijiji? Wazee wanasema hivi, ofisi inasema vile. Na je, tunahitaji ruhusa ya idara ya Mambo ya Kale?
Mjumbe wa kamati, Machame

Msitumie hata shilingi moja kwenye bati kabla ya kujibu hili. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na vikarudi baada ya sheria ya 1982, na katikati hapo mali nyingi zilibadili mikono bila karatasi kufuata. Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe upekuzi wa hati. Kama jina lililoandikwa ni la chombo ambacho hakipo tena, anzeni na hilo. Kama ni mali ya chama, uamuzi utolewe na mkutano mkuu, muhtasari usainiwe, na ofisa ushirika ajue. Kikundi kinachokarabati kipate mkataba wa maandishi wa miaka mingi, unaosema nani analipa nini paa likivuja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya shamba ya miaka ya 1920 haimo, isipokuwa waziri ameitangaza. Ulizeni kwa barua, mpate jibu kwa barua. Kibali cha ujenzi cha halmashauri mnakihitaji hata hivyo, na ombi la kubadili matumizi kutoka shamba au makazi kwenda huduma za jamii litangulie. Peleka michoro kwa Zimamoto mapema. Kuhamisha mlango kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuuhamisha kwenye jiwe.

Paa linavuja na darini kuna popo na nyuki. Fundi anataka kung'oa bati zote wiki ijayo.
Tengeru

Kwanza hakikisheni ni bati kweli. Gonga: bati linalia, asbesto inatoa sauti butu na ukingo wake ni mnene. Kama ni asbesto, hakuna kukata, kutoboa wala kuvunja. Ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuiondoa. Hushushwa vipande vizima vikiwa vimeloweshwa na kufungwa kwenye nailoni nzito, na huzikwa mahali palipoidhinishwa.

Nyuki waitieni mfugaji usiku, na masega yote yatoke darini, la sivyo watarudi. Popo wasubirini watoke jioni, mkishahakikisha hakuna watoto waliobaki ndani, ndipo mzibe. Kinyesi chao kisifagiliwe kikiwa kikavu. Vumbi lake huweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu. Lowesheni, vaeni barakoa zinazobana, zoeni kwa koleo.

Wiki ijayo ikiwa ni Aprili, jibu ni hapana. Ezueni Januari na Februari au Julai hadi Septemba, upande mmoja kwa mmoja, na turubai liwe tayari chini. Mbao inayolala juu ya ukuta, ile kenchi zinapokalia, ndiyo huoza kwanza, hasa chini ya gata zilizoziba. Ikaguliwe yote. Bati jipya liwe geji 28, si 30. Mwingiliano wa mwisho kwa mwisho milimita 150, ubavuni mikunjo miwili. Skrubu zenye raba ziingie juu ya mkunjo, si kwenye bonde ambamo maji hupita. Kama bati la zamani ni zima, lina kutu ya juu tu, libakizeni: mara nyingi ni nene kuliko lolote mtakalonunua leo.

Nyaya za zamani bado zinafanya kazi. Tunaweza kuongeza soketi tu?
Moshi mjini

Hapana. Nyaya zenye ganda la raba na kitambaa hukauka, na ganda hudondoka ukizigusa, mara nyingi ndani ya bomba msikoliona. Ondoeni zote. Taa zitumie waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na kila kitu kipite kwenye kinga ya miliampia 30 inayokata umeme mtu akiguswa. Ethi ipimwe kwa kifaa, isikisiwe. Msichimbe kuta za chokaa kwa mashine ya kukatia kupitisha bomba. Pitisheni tranki (mfereji wa plastiki wa kubebea nyaya) juu ya ukuta au kwenye njia za zamani. Fundi aonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla ya kupanda ngazi.

Tunaweza kunywa maji ya paa? Kisima chetu kina fluoridi.
Kamati ya maji, Usa River

Mnaweza, na kwa eneo la Meru ni jambo la busara. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi huko vinazidi. Paa la mita za mraba 200 kwenye mvua ya milimita 50 hutoa kama lita 8,000 baada ya kutoa upotevu, kwa hiyo simtanki moja la lita 5,000 litafurika siku hiyo hiyo. Wekeni mawili, na la kwanza litanguliwe na bomba la kumwaga lita 200 za mwanzo zenye vumbi na vinyesi vya ndege. Ila paa likiwa na rangi ya zamani inayobanduka, maji yake yasinywewe, kwani rangi za zama zile huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Wakati wa kiangazi, maji ya kisima yanaweza kupitishwa kwenye chujio la makaa ya mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani nanyi, kimefanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Shimo la maji taka la choo kipya likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Nyuma ya nyumba kuna safu ya vyumba vya vibarua, vimebomoka nusu. Mfadhili anataka viondolewe ili bustani ionekane.
Mwalimu, Moshi Vijijini

Mwalimu, tunawaomba msikubali haraka. Wazee wengi watakaokuja kwenye kituo hicho walizaliwa au wazazi wao walilala katika vyumba hivyo, si barazani kwa bwana shamba. Pigeni picha kila chumba kwa pande nne, pimeni urefu, upana na kimo, andikeni nani aliishi wapi wazee wangali na kumbukumbu. Kisha chagueni vyumba vilivyo imara. Kuta za matofali ya udongo zisizo na paa haziwezi kuvuka masika mengine, hivyo wekeni bati la muda sasa, hata lile mtakalolitoa kwenye nyumba kubwa. Vyumba viwili vikiunganishwa vinatosha choo cha watu wenye ulemavu, chenye mlango wa milimita 900, nafasi ya kugeuza kiti ya mita 1.5 na njia ya kupandia yenye mteremko wa 1 kwa 12. Kuweka choo huko pia kunawaepusha kupasua kuta za mawe za nyumba kubwa kupitisha mabomba.